BUNDUKI FUPI YA VICHAKANI: UCHAGUE IPI, NA KWA KAZI GANI
Mwongozo kwa wafugaji wa Mwese na familia zao



Vipeperushi vingi unavyopata kwetu huzungumzia kuogesha, chanjo na malisho. Hiki kinazungumzia bunduki. Swali la bunduki linaulizwa sana mnadani, joshoni na kwenye mikutano ya kijiji, na majibu ya kijiweni mara nyingi ni ya hatari. Mmoja atakwambia ununue ndefu ili upige mbali. Mwingine atakwambia ukate mtutu ili upite vichakani. Baadaye anaitwa afisa mifugo kwa sababu ng'ombe ana marisau begani, au mbwa wa boma amepofuka.

Bunduki inayozungumziwa hapa ni ya marisau, ile ambayo wengi tunaiita shotigani. Kipeperushi ni kwa mwenye leseni ya silaha, au anayefuata taratibu za kuiomba. Asiye na leseni asome pia, kwa sababu mambo mengi humu yanahusu usalama wa watoto, wachungaji na mifugo.

Shika neno moja kuu kabla hatujaendelea: bunduki fupi hukusaidia kupita na kugeuka kichakani, lakini haikusaidii kuona. Kwa hiyo bunduki nzuri ya kichakani ni ile ambayo mwenyewe unajua marisau yake yanakwenda wapi.

1. ANZA NA KAZI, SI NA BUNDUKI

Mwese ni nchi ya milima, mabonde na vijito. Myombo ikishachipua na nyasi zikasimama, mtu aliye hatua ishirini mbele yako humwoni. Kandokando ya vijito ni vichaka vitupu. Humo ndimo wanamopita vijana na ng'ombe, akina mama wanaotafuta uyoga na kuni, na walina asali wanaokagua mizinga. Na katika misitu ya Tongwe na Ntakata wanaishi sokwe, wanyama wanaolindwa na sheria.

Jiulize: bunduki hii naitaka kwa kazi gani?

Kazi zinazoifaa bunduki ya marisau vichakani ni hizi:
- Kanga na kwale, kwa mwenye kibali cha kuwinda.
- Nguruwe pori anayeharibu mahindi na mihogo, pale ofisi ya wanyamapori ya wilaya ilipotoa idhini.

Kazi zisizoifaa ni hizi:
- Nyati na simba. Marisau huwajeruhi na kuwakasirisha. Nyati aliyejeruhiwa akiingia kichakani humngoja mtu.
- Chui. Chui mwenye jeraha ndani ya kichaka ni hatari kuliko chui mzima aliyekula mbuzi wako. Waachie askari wa wanyamapori kazi hiyo.
- Kupiga gizani kuelekea sauti ya fisi nje ya boma. Huko nje kunaweza kuwa na ndama aliyetoroka, au jirani aliyekuja kukusaidia.

Kama shida yako ni fisi na chui kula mifugo usiku, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya 9. Huenda hela ya bunduki ikafaa zaidi kwenye boma.

2. KARATASI MBILI, SI MOJA

Wafugaji wengi huchanganya mambo haya mawili. Leseni ya silaha inakuruhusu kumiliki bunduki. Haikuruhusu kuwinda. Kibali cha kuwinda ni karatasi nyingine, na hutolewa na mamlaka za wanyamapori.

Umiliki unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Anza ofisi ya kijiji, kisha kata, halafu Polisi wilayani, na watakueleza hatua zinazofuata. Uliza mapema ni aina gani ya bunduki inaruhusiwa kwa raia, kabla hujamlipa muuzaji hata shilingi moja. Leseni ni ya mtu mmoja kwa bunduki iliyoandikwa. Bunduki haiazimwi kwa shemeji, wala haipewi mchungaji akalale nayo malishoni.

Uwindaji unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi hakuna kuwinda kabisa. Sumu, mitego ya nyaya na moto ni marufuku kila mahali. Kabla ya kuingia porini muulize afisa wanyamapori wa wilaya kama msimu umefunguliwa, ni wanyama gani wanaruhusiwa, na eneo gani.

Ikitokea umemuua mnyama hatari wakati ukitetea maisha ya mtu au mali yako, toa taarifa mara moja kwa uongozi wa kijiji na kwa wanyamapori. Nyama, ngozi, meno na kucha ni nyara za Serikali. Ukimchuna kabla ya kutoa taarifa, mtu aliyekuwa na haki anageuka mshtakiwa.

3. UFUPI UWE WA KIASI GANI

Bunduki nyingi za kuwindia ndege kwenye uwanda wazi zina mtutu wa inchi 28 hadi 30, yaani sentimeta 71 hadi 76. Kichakani mtutu huo unanasa kwenye matawi, na unapogeuka unagonga shina. Zile unazoziona kwa walinzi wa benki mjini huwa na inchi 18 hadi 20, yaani sentimeta 46 hadi 51. Hizo zimetengenezwa kwa kazi ya ulinzi.

Kwa mwindaji wa vichakani, katikati ndiko kwenye nafuu: inchi 22 hadi 26.

Lakini usipime mtutu peke yake. Pima bunduki nzima, kuanzia mdomo hadi kitako. Bunduki ya kukunja, inayofunguka katikati, haina mashine ndefu nyuma ya mtutu. Bunduki ya pampu inayo. Kwa hiyo ya kukunja yenye mtutu wa inchi 26 hukaribiana kwa urefu wote na ya pampu yenye mtutu wa inchi 22. Ukipata bunduki ambayo urefu wake wote ni kama sentimeta 110 au chini kidogo, hiyo inapita vichakani bila taabu.

Je, mtutu mfupi unapunguza nguvu? Kidogo. Baruti ya risasi za siku hizi huungua karibu yote mapema ndani ya mtutu. Kutoka inchi 28 kushuka hadi 24, mwendo wa marisau hupungua asilimia chache tu, na kwa umbali wa kichakani hutaona tofauti.

Gharama ya ufupi iko kwingine:
- Mlio ni mkali zaidi, na huumiza masikio. Ziba masikio unapofanya majaribio.
- Bunduki nyepesi hupiga bega kwa nguvu.
- Mdomo wa mtutu uko karibu na mguu wako na mkono wako wa mbele.
- Bunduki fupi hugeuka upesi, na hugeuka upesi hata kumwelekea mwenzako.

Jambo hili la mwisho ndilo kubwa. Kwa ndefu, mti hukukumbusha kwamba umegeuka sana. Kwa fupi hakuna wa kukukumbusha.

4. USIKATE MTUTU

Kuna mafundi wanaokata mtutu mrefu kwa msumeno wa chuma. Usikubali, hata kama bunduki ni yako na leseni unayo.

Kwanza, kubadilisha silaha kienyeji ni kosa. Bunduki hurekebishwa na fundi wa silaha mwenye leseni peke yake. Bunduki iliyokatwa ukikutwa nayo, hakuna atakayeamini kwamba ilikuwa ya kanga.

Pili, ukiukata unapoteza mbano. Mitutu mingi imebanwa kidogo mdomoni, kama mdomo wa chupa, ili marisau yasitawanyike haraka. Mbano huo uko katika inchi chache za mwisho. Msumeno ukipita, umeondoka.

Tatu, mdomo uliokatwa vibaya huwa na makovu na mshazari. Marisau hukimbilia upande mmoja, nawe unalenga katikati.

Magobore ya kienyeji nayo ni vivyo hivyo. Hupasuka usoni na kufyatuka yenyewe, na kuyamiliki bila leseni ni kosa. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Kipindi kikitangazwa, kitumie.

5. MBANO, NA JINSI MARISAU YANAVYOTAWANYIKA

Mbano ndio unaoamua bunduki yako ni ya kichakani au ya uwandani. Mafundi hupima hivi: wanapiga karatasi kwa umbali wa mita 36 na nusu, kisha wanachora duara la sentimeta 76. Mtutu wenye mbano kamili huingiza karibu asilimia 70 ya marisau ndani ya duara. Usio na mbano huingiza karibu asilimia 40.

Kichakani hupigi mita 36. Unapiga mita 10 hadi 25. Kwa hiyo mbano kamili haukufai: karibu namna hiyo marisau hayajatawanyika, na ama unakosa, ama kwale anasagika asilike. Chagua mtutu usio na mbano, au wenye mbano mdogo.

Kwa mtutu usio na mbano, marisau hutawanyika takriban hivi:
- Mita 10: upana wa sahani kubwa, sentimeta 25 hadi 30.
- Mita 20: upana wa ungo, sentimeta 55 hadi 65.
- Mita 30: karibu mita nzima.

Soma tena mstari wa mwisho. Risasi ya kawaida ya goroli kubwa ina goroli tisa hivi. Ukizisambaza kwenye upana wa mita nzima, nguruwe atapata mbili au tatu, pengine tumboni. Zinazobaki zinaendelea na safari. Ndiyo maana goroli kubwa zisipigwe zaidi ya mita 25.

Zinaendelea hadi wapi? Marisau madogo ya kwale huweza kufika mita 200 na zaidi kidogo kabla ya kuanguka. Goroli kubwa huweza kupita mita 600. Risasi ya kipande kimoja hupita kilomita moja. Pima umbali kutoka shamba lako hadi mahali wanapochungia watoto wa jirani, halafu ujue la kufanya.

6. AINA YA BUNDUKI, TUNDU, NA RISASI

Ya kukunja, mtutu mmoja au miwili. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa kaya ya mfugaji. Ukiikunja, kila mtu anaona kama ina risasi au haina. Unavuka kijito au uzio ikiwa imekunjwa, na haiwezi kufyatuka. Haina vyuma vingi vya kuingia vumbi na matope. Ya mitutu miwili hukupa risasi ya pili, na mara nyingi mtutu mmoja una mbano mdogo na wa pili una mbano zaidi.

Ya pampu. Ni imara na huchukua risasi nyingi. Lakini risasi hukaa zimefichwa ndani. Wengi wamedhani imeisha kumbe bado moja. Kama ni hii uliyonayo, toa risasi zote, koki mara tatu, kisha angalia kwa jicho na uguse chemba kwa kidole.

Inayojikoki yenyewe. Inataka usafi wa kila mara na risasi za aina inayoipenda. Kwa vumbi letu la kiangazi na matope yetu ya masika, hukwama.

Tundu. Iliyozoeleka ni namba 12, yenye upana wa milimita 18 na nusu. Namba 20 ni nyembamba na nyepesi, inamfaa mtu mwenye mwili mdogo. Hapa kuna hatari moja ya kukumbuka. Risasi ya namba 20 ikiingizwa kwenye bunduki ya namba 12 hupita chemba na kukwama mbele, ndani ya mtutu. Mtu anaona chemba tupu, anaweka ya namba 12, anafyatua. Mtutu unapasuka mkononi. Usiweke risasi za namba mbili tofauti katika mfuko mmoja, wala katika nyumba moja kama unaweza.

Chemba. Tazama maandishi kwenye mtutu. Utakuta 65, 70 au 76, yaani milimita. Risasi isizidi namba hiyo. Risasi ya 76 huweza kuingia kwenye chemba ya 70, kwa sababu kabla ya kufyatuliwa ganda limekunjwa mdomoni. Likifunguka linakosa nafasi, na shinikizo hupanda hadi kiwango cha hatari.

Risasi. Kwa marisau madogo, namba ikipanda punje zinakuwa ndogo. Kwa kwale tumia namba 6, kwa kanga namba 4 au 5. Kwa nguruwe pori, kwa idhini, tumia goroli za SG au SSG kwa umbali mfupi. Risasi ya kipande kimoja huvuka mbali mno, nayo isitumike ila pale ambapo nyuma ya mnyama pana mlima au kingo ya udongo. Usiamini kwamba risasi nzito inapasua kichaka. Tawi la unene wa kidole laweza kuikengeusha yoyote.

7. IKUKAE MWILINI, KISHA UIJARIBU

Usinunue kwa kuangalia. Hakikisha haina risasi, funga macho, iinue begani, kisha fungua macho. Kama jicho lako linatazama sawasawa juu ya mtutu, inakukaa. Kama kitako kinanasa kwapani, ni kirefu. Kama kidole gumba kinagusa pua, ni kifupi. Jaribu ukiwa umevaa koti au shuka lako la porini, maana vinaongeza unene begani.

Chungulia ndani ya mtutu dhidi ya mwanga. Uwe unang'aa, bila kutu, bila uvimbe, bila mashimo. Itikise ikiwa imefungwa, isichezecheze. Namba ya bunduki isomeke vizuri na ifanane na karatasi. Namba iliyokwaruzwa ni ishara ya kuondoka hapo dukani.

Jaribio la karatasi. Kabla ya kuingia porini fanya jaribio hili mahali palipoelekezwa na Polisi, penye mlima au kingo ndefu ya udongo nyuma. Tundika karatasi pana, au mifuko ya saruji iliyofunguliwa na kuunganishwa. Piga risasi moja kwa mita 10, karatasi mpya kwa mita 20, na nyingine kwa mita 30. Andika umbali na aina ya risasi. Pima upana, na uangalie kama marisau yamekaa palepale ulipolenga. Rudia kwa kila aina ya risasi utakayotumia, kwa sababu bunduki moja hutawanya risasi mbili kwa namna mbili tofauti.

Karatasi hizo ndizo zitakazokwambia mwisho wa umbali wako. Pale ambapo karatasi ina nafasi tupu ya kupitisha kwale mzima, umbali wako umekwisha kabla ya hapo.

8. NDANI YA KICHAKA

- Usipige mtikisiko, kivuli wala sauti. Mwone mnyama mzima, umtambue, uone na kilicho nyuma yake. Usipoona nyuma, usipige.
- Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi umeshaamua kupiga.
- Mkiwa wawili, tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, na bunduki ya aliye nyuma iwe imekunjwa. Mkitaka kusambaa, semezaneni kila mara.
- Vaa kitambaa chekundu au cha njano kichwani. Rangi ya majani na rangi ya udongo waachie wanyama.
- Mkanda unafaa njiani. Ukiingia kichakani uvue, usije ukanaswa na tawi pamoja na kifyatulio.
- Ukianguka au mdomo ukigusa ardhi, toa risasi na uchungulie mtutu kwa nyuma. Udongo kidogo tu mdomoni hupasua mtutu.
- Mbwa wako akiwa amemzonga mnyama, usipige. Kwa upana wa ungo, mbwa naye yumo.
- Ng'ombe wakiwa kwenye kichaka hicho, waondoe kwanza. Mlio huwatawanya, na ng'ombe aliyetawanyika msituni jioni ni chakula cha fisi.
- Jiwe, shina gumu na maji hurudisha marisau. Usipige kuelekea huko kwa karibu.

Mnyama akijeruhiwa na kuingia ndani, usimfuate mbio. Weka alama mahali alipoingilia na utoe taarifa kwa askari wa wanyamapori. Waambie na majirani, ili watoto wasipitishe mifugo hapo siku hiyo.

9. YANAYOHUSU MIFUGO MOJA KWA MOJA

Ng'ombe au mbwa akipigwa marisau. Mfunge atulie. Kama anavuja damu, gandamiza kwa kitambaa safi. Usichokore marisau kwa kisu. Unapeleka uchafu ndani. Osha jeraha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kisha zuia nzi wasitage. Jeraha la jicho, kifua, tumbo, kiwele au kiungo ni la haraka: mwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Akichomwa dawa, ulizia siku za kutokunywa maziwa yake na kutokula nyama yake, na uzifuate.

Mnyama wa porini asiyeogopa watu. Bweha, fisi au mbwa anayetembea mchana akiyumba, akidondosha mate, akiuma chochote, huenda ana kichaa cha mbwa. Ondoa watoto na mifugo, toa taarifa. Mwenye mamlaka ya kumpiga asimpige kichwani, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa maabara, na marisau ya karibu huuharibu kabisa. Usimguse kwa mikono mitupu. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Nyama ya nguruwe pori. Nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wenyewe kuugua. Ugonjwa huo haumpati mtu wala ng'ombe, lakini humaliza nguruwe wote wa kijiji, na hauna tiba. Usitupe utumbo, ngozi wala mabaki ya jikoni mahali ambapo nguruwe wa kufugwa watayafikia. Yafukie.

Risasi ndani ya nyama. Madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto na mama wajawazito. Kata na utupe nyama yote iliyozunguka jeraha, kwa upana. Uifukie, tumbusi wasiile.

Mnyama uliyemkuta amekufa. Hukumwua wewe, usimchune. Kimeta huua binadamu.

Fisi na chui: boma kwanza. Boma la miiba lililolegea halimzuii fisi, na lisilo na paa halimzuii chui. Kwa fisi, jaza miiba hadi chini kabisa na uzibe mlango kwa nguzo, maana wengi hupenya mlangoni. Kwa chui, mbuzi na ndama walale kwenye banda lenye paa la fito au waya. Fyeka vichaka kuzunguka boma, adui asipate pa kujificha. Hesabu mifugo kila jioni. Mbwa wawili waliochanjwa watakuamsha mapema kuliko bunduki iliyofungiwa kabatini.

Mnyama hatari akiua mfugo wako, usiuondoe mzoga kabla haujakaguliwa. Piga picha kama una simu, linda nyayo, toa taarifa kijijini na kwa afisa wanyamapori siku hiyo. Kuna utaratibu wa Serikali wa kifuta jasho, nao hauwezi kufanyika bila ushahidi.

10. NYUMBANI

Ajali nyingi za bunduki hazitokei porini. Bunduki ikae bila risasi, imefungiwa kwenye kabati au sanduku la chuma lililofungwa ukutani. Risasi zikae kwingine, kwa kufuli nyingine. Funguo azijue mwenye leseni peke yake. Bunduki haisimamishwi nyuma ya mlango, haifichwi chini ya kitanda, haiwekwi ghalani juu ya mahindi. Mtoto anajua kila mahali unapoficha kitu.

Mama wa nyumbani, una haki ya kuuliza kila jioni: iko tupu? imefungwa? Mume akuoneshe kwa kuikunja, si kwa mdomo.

KABLA HUJATOA HELA YAKO, JIULIZE

1. Kazi yake ni ndege na nguruwe pori, au ninaogopa fisi? Kama ni fisi, nimeshaimarisha boma?
2. Ninayo njia halali ya leseni, na ninajua kwamba kibali cha kuwinda ni kingine?
3. Urefu wote unakaribia sentimeta 110, na ufupi huo ni wa kiwandani, si wa msumeno?
4. Mbano ni mdogo au haupo?
5. Tundu na chemba nimezisoma, na risasi zinalingana?
6. Inanikaa begani nikiwa na koti?
7. Nitaijaribu kwenye karatasi kabla ya kuingia porini?
8. Kabati la kuifungia lipo tayari?

Kama hata swali moja limekosa jibu, ngoja. Kanga wa mwaka huu wakikupita, mwakani wapo. Mtoto anayechunga ng'ombe nyuma ya kichaka kile hana mbadala.

Kwa maswali ya mifugo, majeraha na chanjo ya mbwa, mwone afisa mifugo wa kata. Kwa wanyama waharibifu na vibali, mwone afisa wanyamapori wa wilaya. Kwa leseni na aina za silaha, nenda Polisi. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.